Siku Nilipozima Mashine Katikati ya Ziwa

Mwezi uliopita mlinifanyia karamu ya kuniaga pale bandarini, mkaniomba niwaachie neno. Nilipewa dakika tatu. Ya kwanza kipaza sauti kilikuwa kimekufa. Ya pili alikuja mtu kukitengeneza. Ya tatu alikijaribu yeye mwenyewe, "Moja, mbili, moja, mbili," kisha muziki ukaanza. Ndiyo maana ninaandika.

Hata bila karamu hiyo ningeandika, kwa sababu nimechoka. Nimechoka kusikia kisa changu kikisimuliwa na watu ambao hawakuwemo. Wengine wenu mnasema mimi ndiye niliyevunja mgomo wa sendika, chama chetu cha wafanyakazi. Wengine mnasema mimi ndiye niliyeuanzisha. Juzi fundi mmoja wa boti za mwendo kasi alinieleza, nikiwa nimeketi mbele yake, jinsi Kasereka alivyomtupa ziwani delege, mjumbe wa sendika. Nilimuuliza kama anamfahamu huyo Kasereka. Akasema anamfahamu vizuri sana.

Kasereka ni mimi, na sikumtupa mtu ziwani. Mambo yalikuwa hivi.

Nilishuka Goma kutoka Butembo nikiwa fundi wa vinu vya kusagia mihogo. Nilijiona nimekwisha kujua dunia. Dizeli ni dizeli, nilifikiri, iwe inasaga unga au inasukuma boti. Nikaenda bandarini, nikaelekezwa kwa Papa Cirhuza, fundi mkuu wa boti iliyoitwa Mapendano, iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo kati ya Goma na Bukavu. Alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mwembamba, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya parokia, na sikio lake la kushoto lilikuwa limeliwa na kelele za mashine miaka mingi kabla yangu.

"Unajua nini?" aliniuliza.

"Najua motere, papa."

"Motere gani?"

"Zote."

Hakucheka wala hakukasirika. Alinipa ndoo na kitambaa, akaniteremsha chini kabisa, kule mafuta machafu na maji yanakokutana, nikapangusa huko wiki mbili. Nilipotoka nilikuwa najua mambo mawili. La kwanza, kwamba sijui motere zote. La pili, kwamba Mapendano ilikuwa ikivuja. Haikuwa siri wala si ajabu; kila boti ya umri ule huvuja kidogo pale mhimili wa propela unapotokea. Papa Cirhuza alinionyesha pompi ya kutolea yale maji, na mkanda unaoizungusha, na mahali mkanda ule unaposhikana na mashine kubwa.

"Hii bato inakunywa mayi kila siku," aliniambia. "Motere ikizunguka, pompi inatapisha. Motere ikikufa ku gati, unapata haya tu. Ikikufa katikati ya mayi, pompi nayo imekufa, na bato inaendelea kunywa. Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

"Apana. Umeitika tu."

Alifundisha namna hiyo. Aliweka ncha ya turnevisi, bisibisi ndefu, juu ya mashine, akaegemeza sikio lake zima kwenye mpini, akasikiliza silinda moja baada ya nyingine kama daktari. Kisha alinipa na mimi. Mwezi wa kwanza nilisikia kelele. Mwezi wa nne nilianza kusikia kwamba silinda ya tatu ina kikohozi. Nilipomwambia, alijibu, "Iko na kikohozi tangu wakati ulifika," akaenda kula.

Kuhusu mwenye boti, ambaye sote tulimwita patro, sina mengi. Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu asiyesikia, na tofauti yake na Papa Cirhuza ni kwamba masikio yake yote mawili yalikuwa mazima. Ubavuni mwa boti palikuwa na mstari wa rangi nyeupe kuonyesha mwisho wa kupakia. Patro aliuona mstari ule kama pambo. Tulimwomba pompi ya pili, yenye betri yake, ya kusaidia siku ya shida. Alisema ataona. Tuliomba glovu za mabaharia wa kamba. Alisema ataona. Mapumziko kati ya safari na safari? Ataona. Nadhani hata leo bado anaona.

Kwa hiyo sendika ilipokuja, niliipokea kwa mikono miwili, na nawaomba msinisimulie vingine. Aliyeileta kwenye boti yetu alikuwa Paluku, mkuu wa mabaharia wa sitaha, ambaye ndiye aliyekuwa delege wetu. Alikuwa amekulia Vitshumbi, mtoto wa wavuvi, na huko alijifunza mapema kwamba mtu mmoja akilalamika anafukuzwa, ila watu wote wakilalamika wanaitwa kwenye mkutano. Alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, na sauti yake ilivuka upepo bila taabu. Katika mwaka mmoja tulipata glovu, viatu, na siku ya kupumzika baada ya kila safari mbili. Patro hakuona; alionyeshwa.

Halafu ikatokea ajali yangu. Mfuniko wa maji ya kupoozea ulifyatuka, maji yanayochemka yakanimwagikia mkono wa kulia kuanzia begani. Nililala hospitali wiki tatu. Patro hakutuma mtu hata wa kuuliza kama ningali hai. Paluku alikuja kila siku mbili. Alipanga watu wa sendika wamchotee maji mke wangu Kavira, maana mtaani kwetu Murara siku zile bomba lilikuwa kavu na yeye alikuwa na mimba kubwa. Walipanga zamu, wakachota, hawakukosa hata siku moja. Kumbukeni hilo mnapofika mbele, kwa sababu watu huniuliza kwa nini nilitii, kana kwamba nilikuwa mjinga.

Shida ilianza na karatasi. Sendika iliamua kila mfanyakazi wa boti awe na karti ya uanachama, na ili upate karti utie saini kwenye karatasi iliyosema kwamba utatii amri ya sendika mahali popote na wakati wowote. Paluku alituletea sisi wa mashine mwenyewe. Mimi nilisaini nimesimama, nikiwa na karanga mdomoni. Papa Cirhuza aliomba miwani yake, akasoma, akasoma tena.

"Mahali popote," alisema. "Na katikati ya mayi?"

"Papa, ni maneno ya kuandika tu," alisema Paluku. "Nani atakuambia uzime motere katikati ya mayi?"

"Basi muandike vile. Mahali popote, lakini bato ikiwa imefungwa ku gati."

"Papa, karatasi zilishaimprimewa zote."

"Muimprime zingine."

"Zote, papa! Katoni mbili!"

Papa Cirhuza alimrudishia karatasi. "Nikisha saini kitu, nitakifanya," alisema. "Kwa hiyo sisaini."

Nimefanya kazi kwenye maji miaka yangu yote ya utu uzima, na nimeona upepo, na mawe, na propela iliyonaswa na wavu. Lakini kitu kilichokaribia kutuzamisha kilikuwa katoni mbili za karatasi ambazo hakuna aliyetaka kuzichapa upya.

Wiki iliyofuata wakaanza kumbana. Hawakumpiga, hawakumtukana. Mapendano ilipofika gatini, mabaharia wetu walirusha kamba kama kawaida, na watu wa gatini, ambao wote walikuwa na karti, waliitazama kamba ikianguka majini. Wakaendelea kuzungumza. Kamba ikavutwa, ikarushwa tena, ikaanguka tena. Boti ikayumba nje ya gati, abiria wakipiga kelele, hadi baharia wetu mmoja aliporuka na kuifunga kamba mwenyewe. Ilikuwa hivyo Goma, Minova na Bukavu. Boti yenye fundi asiye na karti haipokelewi kamba. Mama wauzaji wa chakula nao waliambiwa wasituuzie, nao wakatii, ingawa mmoja alitufichia sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga ndani ya gazeti.

Mabaharia wakaanza kumnunia Papa Cirhuza. Walikuja kwangu: "Ongea na muzee wako. Anatutesa sisi wote juu ya kichwa yake ngumu." Nilikwenda kuongea naye. Nawaambia hili kwa aibu. Nilimwambia, "Papa, saini tu. Kila mutu alisaini. Hawatakuomba kitu."

Alikuwa akipangusa turnevisi yake. "Kasereka," alisema, "kama hawataniomba kitu, sasa wanataka saini ya nini?"

Wiki ya tano aliondoka. Hakufukuzwa. Alisema hawezi kuona boti nzima ikinyimwa kamba kwa sababu ya mtu mmoja. Alikwenda Idjwi, kwa dada yake, akawa fundi wa kinu cha kusaga. Mimi nikawa fundi mkuu. Watu walinipongeza, na nilitamani kila mmoja wao anyamaze.

Miezi kadhaa baadaye sendika ilitangaza mgomo. Madai yalikuwa ya haki kabisa, na ndiyo yanayonichoma zaidi: mstari wa rangi uheshimiwe, na kila boti iwe na pompi ya pili. Kwanza ingetolewa ishara. Siku iliyopangwa, saa sita kamili mchana, kila fundi angezima mashine kwa dakika kumi, mahali popote alipo, na ziwa lote lingenyamaza. Paluku ndiye aliyelipata wazo hilo, na alilipenda kama mtoto wake wa kwanza.

Alikuwa amepiga hesabu. Saa sita boti karibu zote huwa zimefungwa gatini. Sisi tulipaswa kutoka Bukavu alfajiri na kufika Goma mapema kuliko hapo. Ila asubuhi ile patro aliendelea kupakia. Mapipa ya mafuta ya mawese yalikuja, yakaja mengine, mstari mweupe ukaingia majini, na sisi bado tunapakia. Tuliondoka jua likiwa limepanda. Saa sita ilipokaribia tulikuwa tumeipita Idjwi, kwenye ule upana wa ziwa ambapo nchi kavu ni kivuli tu kila upande, na upepo wa kusini ulikuwa umeanza kuyakunja maji.

Paluku aliteremka chumba cha mashine. Alikuwa na saa mkononi.

"Bado dakika mbili," alisema.

Nilifikiri anatania. "Ndugu yangu, tuko katikati ya mayi."

"Najua tuko wapi."

"Uliahidi Papa Cirhuza hapa hapa. Ulisema nani atatuomba kitu kama hiyo."

"Sikujua patro atatuchelewesha! Ni yeye, haiko mimi." Alikuwa akitoka jasho. "Kasereka, mimi ndiye nilitoa amri kwa kinywa yangu. Nitasema nini kesho? Kwamba bato zingine zote zilizima, na ya delege mwenyewe haikuzima? Dakika kumi tu. Halafu unawasha, tunaenda."

"Na pompi?"

"Dakika kumi, ndugu yangu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hatukukuuliza maswali wakati tulichotea Kavira mayi."

Ingekuwa afadhali angenipiga. Nilitazama saa yake. Nilifikiria kamba ikianguka majini, na watu wakitazama. Nilifikiria Kavira na ndoo zilizofika mlangoni kila asubuhi. Nikashika kishikio cha kuzimia, nikakivuta. Mkono ulikuwa wangu. Hakuna mtu mwingine aliyekigusa.

Mashine ikafa. Mtu ambaye hajafanya kazi yetu hawezi kujua kimya kile. Kwanza nilisikia abiria juu wakiuliza kama tumefika. Kisha nikasikia maji chini ya mbao nilizosimama juu yake.

Boti isiyo na mashine haina usukani. Mapendano iligeuka pole pole, ikaupa upepo ubavu, na mawimbi yakaanza kuipiga pale pale ilipokuwa dhaifu. Dakika ya nne, komanda, yaani nahodha wetu, alipiga kelele kutoka juu akiuliza kuna nini. Dakika ya sita sikungoja tena. Nilibonyeza kuwasha.

Mashine ilishika, ikanguruma kama sekunde tano, ikakohoa, ikafa. Nilijua papo hapo. Patro alikuwa akitupatia mazutu, yaani dizeli, ya kutufikisha tu, hakuna zaidi. Boti ilipolala ubavu, yale machache yalikimbilia upande mmoja wa tangi na bomba likanyonya hewa. Hewa ikiingia njia ya mazutu, unaweza kubonyeza mpaka betri ife. Dawa ni moja: fungua skrubu ya filta, piga pompi ndogo ya mkono hadi mapovu yaishe, kaza, kisha fungua nati za mabomba ya silinda, moja baada ya nyingine, ukitoa hewa yote. Papa Cirhuza alikuwa amenifanyisha hivyo mara ishirini, gatini, mchana, boti ikiwa imetulia. Sasa sakafu ilikuwa imeinama, na maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu.

Juu watu walikuwa wameanza kuogopa, na watu wakiogopa hukimbilia upande mmoja. Boti ikainama zaidi. Ndipo niliposikia mlio mzito ukiviringika juu ya kichwa changu, na baada yake sauti ya mwanamke. Pipa la mawese lilikuwa limekatika kamba yake, likaviringika sitahani, likambana mama mmoja kwenye ukuta wa chuma.

Sitamnyima Paluku haki yake. Hakukimbia. Alivua shati, akachukua ndoo, akapanga mabaharia kwenye ngazi, wakachota maji yale kwa mikono yao kwa muda ambao wengine hawangeuweza. Kila alipopita karibu yangu na ndoo alisema, "Inakuja? Inakuja?" Nati ya silinda ya tano ilikuwa imeoza, na ufunguo wa nati uliteleza mara tatu, ukanichuna ngozi ya vidole. Nililia, nawaambia ukweli, kwa hasira, kama mtoto aliyenyimwa kitu. Nati ilipokubali, mazutu safi yalitoka bila povu. Nikakaza. Nikabonyeza. Betri ilikuwa na pumzi moja tu iliyobaki, na hiyo moja ikatosha.

Pompi ikaanza kutapisha. Komanda akageuza boti ikaupa upepo mgongo. Hakufa mtu, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini Mama Nsimire, mwuzaji wa viatu vya mitumba, aliyekuwa akivitoa Bunagana na kuvipeleka Bukavu, alishuka Goma akiwa amelazwa juu ya mlango tuliong'oa, na mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Siku ya pili nikapata habari iliyonimaliza kabisa. Mafundi wa boti nyingine mbili zilizokuwa majini saa ile hawakuzima. Mmoja alisema saa yake ilikuwa na tatizo. Mwingine alisema alisahau. Katika ziwa zima, kati ya sisi tuliokuwa mbali na gati, mtiifu alikuwa mmoja, naye alikuwa mimi.

Nilikwenda hospitali kumwona Mama Nsimire. Nilibeba ndizi. Nikaanza kueleza habari ya pompi, na mstari mweupe, na patro, na sendika. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo muligoma juu bato ipate pompi ya pili," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mukazima ile ya kwanza."

Nikaziweka ndizi kando ya kitanda.

"Nani alizima?"

"Mimi, mama."

"Asante," alisema. "Wengine wote walikuja hapa, kila mutu anasema ni mwingine."

Nikamwomba kitu ambacho sikuwa na haki ya kukiomba: atakapotoka, aje nami kwenye mkutano mkuu wa sendika. Alisema viatu vyake vinaoza stoo na watoto wake wanakula kwa jirani, na mimi ninamwalika mkutanoni. Kisha akauliza ni siku gani.

Mkutano ulifanyika katika sali, ukumbi wa parokia. Mama Nsimire aliingia kwa magongo mawili, mguu ukiwa ndani ya plasta hadi juu ya goti. Mwenyekiti wa mkutano alitutazama, akatazama orodha yake.

"Mama huyu hana karti," alisema. "Mkutano ni wa wanachama."

Wengi wakaitika. Taratibu ni taratibu. Nilisimama kuzungumza, nikaambiwa zamu yangu iko chini, baada ya ripoti ya kamati ya sherehe. Hapo nilikuwa tayari kwenda zangu Butembo kwa miguu. Lakini Mama Nsimire hakukaa. Aligonga sakafu kwa gongo.

"Ni kweli, sina karti," alisema. "Na muguu yangu nayo haina karti. Ilivunjika bila ruhusa yenu."

Watu wachache wakacheka, kisha hakuna aliyecheka.

"Mimi sikukuja kuwatukana," aliendelea. "Hii sendika ni muzuri. Mimi nilisafiri kwa hizi bato mbele ya sendika, nikaona vile mulikuwa munateswa. Lakini siku ile mulinitia katika mugomo yenu bila kuniuliza. Mimi na watoto wa watu. Huyu papa alikuja akaniambia ni yeye alizima. Nataka nijue ni nani alimuambia azime, na kama kesho atamuambia tena. Kwa sababu viatu vyangu viko Bukavu, na njia ni hii hii."

Mimi nikasema, bila kungoja zamu, kwamba mkono uliozima ni wangu na sitaki mtu aubebe kwa niaba yangu. Nikaomba karatasi ya saini ibadilishwe: mashine isizimwe kwa amri yoyote isipokuwa boti imefungwa gatini. Nikasema hilo ndilo neno aliloliomba Papa Cirhuza, na sisi tukamnyima kamba.

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Niliitwa mtu wa patro. Niliitwa msaliti, na aliyeniita hivyo ni yule fundi aliyesahau. Mwenyekiti alisema, na naapa alisema, kwamba katoni moja ya karatasi za zamani bado haijaisha.

Paluku alikuwa ameketi safu ya mbele muda wote huo, viganja vyake vimefungwa bendeji kwa vidonda vya zile ndoo. Aliposimama, kelele zilipungua. Hakunitazama. Hakumtazama mama. Alisema kwamba yeye, Paluku, baada ya kufikiri kwa undani, anapendekeza kwa mkutano kwamba mashine isizimwe kamwe isipokuwa boti imefungwa gatini. Alilisema kana kwamba limemjia usiku katika ndoto. Alisema ni pendekezo lake binafsi. Watu wakampigia makofi.

Ikaandikwa hivyo katika kitabu cha sendika, na jina lake. Mnaweza kwenda kuangalia. Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Mama Nsimire alinigeukia, akanong'ona, "Papa, utakataa juu ya jina?" Nikanyoosha mkono, ule ule wenye kovu la maji ya moto. Kwa hiyo mnaosema nilivunja sendika, mjue kwamba nilipigia kura pendekezo la Paluku, nikabaki na karti yangu hadi mwezi uliopita, na pompi ya pili mnayoipangusa leo tuliipata miezi miwili baadaye kwa mgomo halali, boti zote zikiwa zimefungwa.

Jumapili iliyofuata nilivuka kwenda Idjwi na karatasi mpya mfukoni. Nilimkuta Papa Cirhuza mbele ya kinu, mweupe kwa unga kama mtu aliyefufuka vibaya. Habari zote alikuwa nazo. Kisiwani habari hufika kabla ya boti. Nikampa karatasi. Akaomba miwani. Akasoma, akasoma tena, akafika kwenye mstari wa gati akakaa hapo muda mrefu.

"Kwa hiyo ilifaa muguu ya mama ya watu ivunjike," alisema, "juu mujue kuandika mustari moja."

"Ndiyo, papa."

"Na siku ile, motere, ni nani aliizima?"

Nilikuwa nimejibu swali hilo hospitalini, na mbele ya sali nzima. Mbele yake lilikuwa gumu kupita kote.

"Ni mimi, papa. Ulikuwa umeniambia, na nikazima."

Alikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati. Akaingia kinuni, akazima mashine ya watu, na wanawake waliokuwa kwenye foleni na mihogo yao wakaanza kulalamika. Akawaambia dada yake atakuja kuiwasha, yeye ana safari. Kisha akanigeukia, amekasirika kwelikweli, na unga ukimdondoka kwenye nyusi.

"Silinda ya tano," alisema. "Ile nati. Nilikuambia uibadilishe tangu mwaka jana."

"Ndiyo, papa."

"Uliibadilisha?"

"Bado, papa."

"Bado," alisema. "Ngoja nichukue koti."